Mwaka wa Jani la Gimbi

Jumamosi iliyopita, katikati ya filamu, jamaa aliyekaa nyuma yetu alitamka maneno yangu kwa sauti bila kujua kwamba mwenyewe nipo mbele yake. Kwenye skrini mikono ya mwanamke ilikuwa imeshika jani mbele ya geti la mbao, mvua inanyesha, ukumbi mzima kimya, watu wanavuta kamasi. Ndipo jamaa akasema: "Baba nisamehe, nimekuletea mboga!" Ukumbi ukacheka. Mimi nikateremka kwenye kiti mpaka magoti yakagusa kiti cha mbele. Kushoto kwangu alikaa Shangazi Elinipa, kavaa kitenge chake cha Pasaka, anakula bisi. Hakugeuka. Alichukua bisi chache akanitilia kiganjani, kama mtu anayelisha kuku mgonjwa, akaendelea kutazama. Mwalimu wangu wa Kiswahili anasema kumbukumbu za maisha huandikwa na wastaafu, siyo na chalii wa kidato cha sita anayedaiwa insha mbili. Lakini mimi nimeshastaafu mambo mengi, na moja kati ya hayo lilianzia na kuishia kwenye jani. Kwa hiyo naandika.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, nikiishi kwa Shangazi, Kaloleni, Arusha, kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kwa nini niliishi kwake na si kwetu ni hadithi ya watu wazima, waulizeni wenyewe. Mbele ya pazia palikuwa na cherehani, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na kioo kirefu chenye ufa uliowakata wateja wote kiunoni. Nyuma yake palikuwa na kitanda cha Shangazi, godoro langu, na magunia ya vipande vya vitambaa ambavyo hakuwahi kuvitupa kwa sababu "siku moja vitafaa". Siku ya mechi kelele za uwanja wa mpira wa jirani ziliingia dirishani, tukajua matokeo kabla ya redio. Chakula kilikuwa makande na parachichi siku za kazi, na Jumamosi loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa na maziwa mgando, ambayo Shangazi alinipakulia mpaka kijiko kikasimama chenyewe. Mpaka leo nikila loshoro ya mtu mwingine nasubiri kusikia cherehani, nisipoisikia naona kama chumvi imesahauliwa. Kidole gumba chake cha kushoto kiliwahi kupitiwa na sindano, na ukucha ukaota upya ukiwa umegawanyika katikati kama kwato ya mbuzi. Nilikuwa namtania: "Shangazi, ukipotea tutakutafuta kwa kwato." Naye anajibu bila kuinua macho: "Na wewe kwa mdomo, baba. Hata ukizikwa tutakusikia." Aliniita baba, kama mashangazi wa kwetu wanavyowaita watoto wa kaka zao. Aliponiita Anaeli, jina langu lenyewe, nilijua kuna kosa.

Kitabu kilikuja na Nasieku, jirani yetu na mwanafunzi mwenzangu, msichana anayeweza kubishana na ukuta na ukuta ukaomba radhi. Alikitoa kwa kaka yake, fundi simu wa Ngarenaro. Kilikuwa riwaya iliyoanzia ukurasa wa kumi na moja, katikati ya sentensi, jalada lilishang'oka zamani. Tulikiita Kichwawazi. Kila alasiri nikitoka shule nilivua viatu, nikakaa juu ya gunia la vitambaa, nikasoma kwa sauti huku Shangazi anashona sare za watoto na Nasieku anachambua mchele wa kwao, maana mama yake aliamini msichana hasikilizi hadithi mikono mitupu. Kila mhusika nilimpa sauti yake. Baba mwenye nyumba nilimpa koo kavu la mzee anayekataa maji. Mwinjilisti nilimpa pua iliyoziba. Sheria za Shangazi zilikuwa mbili: hakuna kusoma mbele peke yako, na mteja anapopimwa kiuno msomaji anyamaze, kwa sababu kiuno kinataka ukweli. Siku moja mama mmoja wa kwaya ya Shangazi alikuja kufupisha sketi, akasikiliza sura mbili mlangoni, akaondoka ameisahau sketi. Kesho yake alirudi na kigoda chake.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya huku kwetu mlimani. Binti anagombana na baba yake, anaondoka, mama yake anakufa na yeye haji kuzika. Baada ya miaka anarudi amebeba isale. Kwa msomaji ambaye hakukulia huku: isale ni mmea wa majani marefu membamba ambao Wameru na Wachaga wanaupanda kwenye mipaka na makaburini, na jani lake ukilifunga fundo ukampelekea uliyemkosea, hana ruhusa ya kukataa. Lazima asamehe. Sasa yule mzee wa kitabuni alikuwa mjanja. Alijua akikutana na jani amekwisha, kwa hiyo kila mara binti alipofika getini, yeye alitokea mlango wa nyuma na kujificha migombani. Binti anasimama na mvua. Mzee anasimama migombani na mvua hiyohiyo. Nilipoifikia sura ile Shangazi alisimamisha cherehani, jambo ambalo hakulifanyia hata hotuba ya rais. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Yule mama wa kwaya akauliza, "Sasa si angezunguka tu amfuate huko migombani?" Shangazi akamtazama. "Umfuate mzee na isale kama unamfukuza kuku? Acha atoke mwenyewe."

Katikati ya mwaka Shangazi alipata kazi ya kushona nguo za watu fulani huko juu Nkoaranga. Alikaa siku nne, akarudi na parachichi na uso wa mtu aliyemeza siri. Niliuliza kazi ilikuwa ya nini. "Subiri. Utaona." Tukaendelea na kitabu. Zilibaki kurasa kama thelathini, na mzee alikuwa bado yuko migombani.

Kisha ikaja habari kwamba Kichwawazi kimetengenezewa filamu, na trela itatoka Jumamosi. Sijawahi kuona Arusha ikijali kitabu namna ile. Watu ambao sikujua wanasoma hata vibao vya maduka walitokea na nakala zao. Saa tisa alasiri tulijaa kwenye kibanda cha kaka yake Nasieku, Ngarenaro, wanafunzi, mafundi wa gereji ya jirani na mama muuza mandazi, wote tunaikodolea televisheni moja iliyoning'inia juu ya simu zilizofumuliwa. Trela ilipoanza, kelele zikaanza pamoja nayo. "Huyo ndiye baba? Mbona amenona hivyo? Kitabuni ni fito!" "Oya, tulieni, ameshika kahawa." "Kahawa gani hiyo ya kijani? Anachuma mbichi!" "Mlima wameupiga kutokea upande gani? Mbona umegeuka?" Fundi mmoja mwenye grisi mpaka masikioni alikuwa analia kabisa, anajifuta kwa mkono, anazidi kujipaka. Mama wa mandazi akasema, "Hata kama kanona, macho ni yenyewe." Ndipo ikaja ile picha: geti, mvua, mikono miwili ya mwanamke imenyoosha jani. Jani lilikuwa pana, la mviringo, limeinama kama sikio la tembo. Lilikuwa jani la gimbi.

Aisee. Ungedhani wametukana ukoo. "Gimbi!" "Wameleta gimbi kwenye msamaha!" "Hawa watu wa Dar, kwao jani ni jani!" Nasieku alirusha mkono juu kama mwamuzi anayetoa kadi. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona nafasi. Mnawajua wale jamaa wanaoingiza sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni kwenye vibanda vya video, wanaoongea kwa niaba ya kila mtu mpaka farasi? Hicho ndicho kipaji changu. Nikachukua simu ya kaka yake Nasieku, nikakata kile kipande, nikaweka sauti ya binti inayotetemeka: "Baaaba nisamehe, nimekuletea mboga." Halafu sauti ya mzee, koo kavu: "Umeleta na nyanya?" Kibanda kilianguka kwa kicheko. Fundi wa grisi alikaa chini. Tukaituma. Kufikia saa kumi na moja, nikitembea kurudi Kaloleni, bodaboda aliyenipita alikuwa anamwambia abiria wake, "Umeleta na nyanya?" Nilitembea kama mtu aliyejenga barabara ile mwenyewe.

Nilimkuta Shangazi amekaa kwenye cherehani bila kushona. Loshoro ilikuwa tayari, bakuli langu limefunikwa. "Shangazi, umeiona?" "Nimeiona." "Ya kweli au ya kwangu?" "Ya kwako ndiyo iliyofika kwanza, Anaeli. Wamenitumia wenzangu wa kwaya." Nilisikia lile Anaeli nikadhani ni kwa sababu ya kuchelewa. Nikala. Baadaye nikachukua kitabu nikakaa kwenye gunia langu. Akasema, "Leo usisome." Kesho yake pia. Kesho kutwa yake mama wa kwaya alikuja na kigoda chake, akaangalia chumba, akaangalia Shangazi, akarudi na kigoda chake. Chakula kilikuja kwa saa zake na kijiko kilisimama chenyewe, lakini cherehani ilizungumza peke yake. Nje bombani nilisikia wanawake wawili wakijaza ndoo: "Mama Mboga yuko ndani?" "Yupo. Alivyotutangazia kanisani, eti mtazameni, nimo!" Wakacheka. Sikuelewa.

Nilielewa siku ya nne, na nilielewa kwa majivuno yangu mwenyewe. Nilikuwa kwenye kibanda cha Ngarenaro naitazama klipu yangu kwa mara labda ya hamsini, nafurahia jinsi nilivyovuta ile "baaaba". Nasieku akaja, akasimama nyuma yangu, akasema taratibu, "Mwanangu, simamisha hapo." Nikasimamisha. Juu ya jani la gimbi kulikuwa na kidole gumba cha kushoto. Ukucha wake ulikuwa umegawanyika katikati kama kwato ya mbuzi. Kumbe nilikuwa nimeangalia jani tu. Mikono iliyonipakulia chakula mwaka mzima, sikuijua.

Nilikimbia nyumbani nikafanya kosa la pili, ambalo ni kuomba radhi kwa mdomo wangu. Nilinunua chipsi mayai, nikapiga magoti mlangoni, nikasema, "Mheshimiwa mwigizaji, mshabiki wako namba moja anaomba msamaha na saini." Shangazi alisema, "Nimekusamehe," bila kuinua mguu kwenye kanyagio. Maneno yalitoka haraka, kama chenji. Nikauliza, "Sasa nisome?" Akasema, "Nina sare kumi za kumaliza." Alinimegea chipsi nusu. Zilikuwa chipsi chungu kuliko zote nilizowahi kula, na haikuwa kosa la mpishi.

Jumatano ya wiki iliyofuata, baada ya vipindi, nilipanda Nkoaranga na kisu cha mkate ndani ya begi la shule. Nilitembea katikati ya kahawa na migomba mpaka nikaona mstari mzuri wa masale kati ya shamba na shamba, mabichi, marefu. Nikachagua jani nono. Nimekata la kwanza, nashika la pili, nikasikia: "Wewe kijana! Unahamisha mpaka wa nani?" Alikuwa mama aliyevaa buti za mvua, mgongoni ana pampu ya kupulizia dawa ya kahawa, bomba amelielekeza kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba utaipata ukiweka kisu chini. Mstari huo baba mkwe wangu na jirani walikaa vikao miaka mitatu ndipo ukapandwa. Wewe unakuja na kisu cha mkate. Nani kakutuma? Jirani?"

"Hapana, mama. Nataka isale la kuombea msamaha."

"Kwa hiyo umeamua kuongeza kosa ili jani lisikose kazi? Umemfanya nini huyo mtu?"

Nikaeleza, nikameza nusu, nikaeleza tena. Alinikazia macho. "Hebu sema hayo maneno." "Yapi, mama?" "Ya mboga." Nikayasema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeungama. Akatua pampu chini. "Kumbe ni wewe! Wanangu wananipigia kelele hiyo kila nikiinjika sufuria. Umeleta na nyanya!" Alicheka mpaka akashika mti wa kahawa. Halafu kicheko kikamwisha ghafla, akakaa kwenye ukingo wa mfereji.

"Picha zile walipigia kwetu hapa chini. Mimi ndiye niliyewachemshia chai. Yule dada mwigizaji kucha zake zilikuwa ndefu zimepakwa rangi, hazifai kwa mkulima, wakasema tutafute mikono ya mama anayefanya kazi. Wakamchukua fundi wao wa nguo. Wakamletea isale, hilohilo la kweli, wamelikata na kulifunga fundo. Akalikataa. Mkubwa wao anamwambia, mama, ni kuigiza tu. Akasema, isale haliigizwi. Nikilishika mbele ya mtu, lazima pawe na kosa na lazima pawe na msamaha. Hapa kosa liko wapi? Akaenda mwenyewe mferejini, akakata gimbi. Mimi nikamwambia, dada, kata hata jani la hindi, lifanane kidogo. Akasema hapana. Kama ni mchezo, jani nalo liwe la mchezo, anayejua ajue."

Anayejua ajue. Kibanda kizima cha Ngarenaro tulijua kuwa si isale, na hakuna aliyejua kwa nini. Mama wa buti aliniongoza mpaka getini kwake, akakata jani moja kwenye shina lake mwenyewe, akalifunga fundo, akanipa kwa mikono miwili. "Unajua kunyamaza?" "Najitahidi." "Jitahidi zaidi. Ukifika, usiseme neno. Jani likishasema, wewe utaharibu." Nikamuuliza kama kweli hawezi kulikataa. "Hawezi. Ndiyo maana usimkimbilie nalo." Njia nzima ya kuteremka nilifikiria hilo. Nilikuwa nimebeba kitu kinachomfunga mtu mikono, na chumba chetu kina mlango mmoja. Yule mzee wa kitabuni angalau alikuwa na migomba ya kujifichia.

Kwa hiyo sikuingia. Nilisimama kizingitini. Ndani, mama wa kwaya alikuwa mbele ya kioo anapimwa gauni, na Shangazi ana pini mdomoni. Nililishika jani mbele yangu kwa mikono miwili, nikafunga mdomo. Mnaonijua mtaelewa ukubwa wa kazi hiyo. Mama wa kwaya akaniona kiooni: "He! Huyu si ndiye yule—" "Nyamaza, nahesabu," Shangazi akasema kati ya pini. Akapima kifua. Akapima mgongo. Akaandika kwenye daftari. Akakaa kwenye cherehani akapiga pindo zima la sketi ya mtu mwingine, akakata uzi, akaukunja. Uwanjani walifunga goli, sikujua nani. Mikono ilianza kuniuma. Vichekesho vilinijia kumi na viwili, vizuri sana, na vyote nilivimeza. Hatimaye kanyagio kikasimama. Alikuja, akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine akazichomeka kwenye kola yake, akalitazama lile fundo. Akalipokea. Ukucha wake wa kwato ulikaa juu ya fundo palepale nilipopaona kwenye simu, ila safari hii jani lilikuwa lenyewe.

Ile klipu haikufutika, ingawa filamu yenyewe ilichelewa karibu miaka mitatu kutufikia. Bado inazunguka, na wenye nayo wengi hawakuwahi kufungua kitabu. Jumamosi iliyopita, filamu ilipoisha na taa zikawaka, Shangazi alimgeukia yule jamaa wa nyuma. Nikajua nimekwisha. Akamwambia, "Kijana, una haraka. Mwenyewe huivuta 'baba' kidogo, halafu anameza mate kabla ya 'mboga'. Usiharibu." Jamaa akamwangalia, akaangalia mikono yake, akamwangalia tena. Sijui aliona nini. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, na mdomo umejaa bisi zake. Namshukuru Mungu kwa chumba kile, kwa gunia lile la vitambaa, kwa mama wa buti na bomba lake la dawa. Lakini zaidi nashukuru kwa kilichofuata baada ya jani kupokelewa, ambacho hakikuchukua hata dakika tano.

Alilinusa kidogo, akalitia ndani ya Kichwawazi palepale tulipoishia. "Kaa," akasema. "Siku kumi na moja hizi umeniacha sijui yule mzee ametoka au amekufia hukohuko." Mama wa kwaya, nusu yake ndani ya gauni lenye pini, akakaa kwa uangalifu mkubwa. Nasieku alisikia kimya kimekwisha akaja na ungo wake. Nikafungua, nikaanza kusoma. Nilisoma vizuri, kwa adabu, sauti moja iliyonyooka kama ya taarifa ya habari, maana niliona mtu aliyesamehewa anapaswa kuwa hivyo. Shangazi alisikiliza sentensi tatu.

"Huyo anayesoma ni nani?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Simfahamu. Weka sauti, baba."

Nikakohoa, nikakausha koo, na yule mzee akatoka migombani.